Bwawa ndani ya kuta za vioo au la nje? Kiwanja kipo Arusha

Mjenzi_Njiro
Wakuu, heshima kwenu. Nipo hatua ya msingi Njiro, Arusha, na msanifu anataka jibu la bwawa kabla zege halijamwagwa. Vipimo vya sasa ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, yaani kama lita 45,000. Nina njia tatu mezani. Ya kwanza ni bwawa la ndani lenye kuta za vioo pande tatu, ukiwa majini unauona Mlima Meru. Ya pili ni bwawa la nje la kawaida. Ya tatu ni la nje pia, ila lina sola ya kupasha maji na turubai la kufunika usiku.

Sababu yangu ni mama. Ana miaka 71, magoti yamemchosha, na mtaalamu wa viungo amemshauri afanye mazoezi kwenye maji ya vuguvugu. Nataka aingie majini Julai kama anavyoingia Januari. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Pwani_Mkandarasi
Mkuu, najenga mabwawa Dar na sijawahi kumshauri mteja aingize bwawa ndani. Hela ya vioo malizia nyumba. Halafu jua la nje linafanya kazi ambayo watu hawaihesabu: linavunja ile klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo, ambayo ndiyo inayotoa harufu kali na kuwasha macho. Kioo kinazuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo harufu inabaki chumbani na wewe. Weka nje.

Nyota_wa_Limuru
Dar si Arusha, ndugu yangu. Sisi tuko Limuru na tulichimba la nje. Kuanzia Juni hadi Agosti hata watoto hawaligusi. Tuliongeza sola juu ya paa, na siku ya jua inasaidia kweli, lakini Julai yetu ni ukungu wiki nzima, na hapo ndipo joto linahitajika. Kilichotuokoa ni turubai. Bwawa hupoteza joto lake jingi kupitia mvuke, na turubai linauzuia mvuke usitoke. Kama umebaki na njia ya pili na ya tatu, ya pili ifute kabisa.

Lakini kwa mama yako naona shida nyingine. Hata maji yakiwa na joto zuri, atatoka amelowa kwenye baridi ya asubuhi, atembee juu ya vigae vyenye maji hadi mlangoni. Mtu mwenye magoti mabovu ataifanya safari hiyo mara tatu, ya nne ataahirisha. Mama yangu mwenyewe aliacha hivyo hivyo.

Fundi_Alumini
Nimefunga vioo vya nyumba nyingi Arusha na Moshi. Mjenzi, wengi watakuogopesha kuhusu bei ya kioo, ila hapo ndipo pepesi. Pazito ni hewa ya ndani.

Chukua maji ya nyuzi 30 na hewa ya nyuzi 31. Hewa inatakiwa iwe na joto kuzidi maji kwa nyuzi moja au mbili, vinginevyo mvuke unaongezeka na anayetoka majini anatetemeka. Unyevu ukiushikilia asilimia 60, hewa hiyo ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 22 au chini, inageuka maji hapo hapo. Usiku wa Julai nje ni nyuzi 12. Kioo kimoja cha kawaida upande wa ndani kitakuwa na nyuzi 17 hivi. Kitalia usiku kucha, maji yatachuruzika hadi kwenye fremu na sakafu, na Mlima Meru hutauona. Vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati vitakaa kwenye nyuzi 24, vikavu. Tofauti ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama chumba kitadumu. Fremu nazo ziwe za alumini iliyokatwa katikati kwa plastiki, la sivyo fremu italia badala ya kioo.

Na agiza kioo chenye utando katikati, kinachopasuka bila kumwagika. Kile kigumu cha kawaida kikipasuka kinakuwa chembechembe, na hakuna anayetaka kuzitafuta chembe za kioo ndani ya maji.

Mrombo_Toronto
Nawasalimu kutoka Kanada. Ninatunza jengo lenye bwawa la ndani lenye vioo, mwaka wa tisa sasa. Fundi amesema kweli. Huku nje ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri hata vioo viwili havitoshi, inabidi hewa ya moto ipulizwe kwenye kioo kuanzia chini. Arusha hamna baridi hiyo, mshukuruni Mungu.

Mjenzi, bwawa lako la mita 8 kwa 4 likiwa wazi litatoa mvuke wa lita 80 hivi kwa siku. Ni ndoo nne kubwa zinazoingia kwenye dari yako kila siku usipokuwa na mashine ya kukausha hewa. Jipsamu italegea, mbao za paa zitaoza kimyakimya. Dari iwe na karatasi ya kuzuia mvuke, iliyounganishwa bila tundu hata moja. Feni inayotoa hewa iizidi kidogo ile inayoingiza, ili chumba kivute hewa ya sebuleni badala ya kuisukumia harufu.

La mwisho, naomba ulisome mara mbili: usining'inize kitu kizito juu ya bwawa kwa stainless ya kawaida. Mwezi Mei 1985, mjini Uster, Uswisi, dari ya zege ya bwawa la ndani iliwaangukia waogeleaji, wakafa watu 12. Vyuma vya stainless vilivyoishikilia vilikuwa vimeliwa na hewa yenye klorini, bila dalili ambayo mtu wa kawaida angeiona.

Mjenzi_Njiro
Asanteni sana. La Uster sikulijua, na msanifu alikuwa amechora dari ya kuning'inia. Swali: nikipunguza ukubwa itasaidia? Na vioo vikae upande gani? Jua la jioni huku ni kali.

Fundi_Alumini
Magharibi jenga tofali, mashariki pia kama unaweza. Jua la upande huo linakuja likiwa chini, ukingo wa paa haulizuii. Njiro Meru upo kaskazini, kwa hiyo bahati ni yako: weka vioo kaskazini, paa litokeze mita moja na nusu, utapata mlima bila kuchomwa.

Mrombo_Toronto
Punguza. Mita 6 kwa 3 mvuke unashuka hadi lita 50 kasoro, na ukifunika usiku ni chini zaidi. Kupandisha joto la lita 45,000 kwa nyuzi moja ni yuniti 52 za umeme ukitumia hita ya kawaida. Pampu ya joto, ile mashine inayovuta joto la hewani na kuliingiza majini, itatumia kama robo yake. Mama wa kufanya mazoezi ya magoti hahitaji mita 8.

Pwani_Mkandarasi
Nakubali, nilijibu kwa macho ya Dar. Kwa mama mzee na baridi ya huko, la ndani. Ila usinunue vidonge vya klorini vyenye kinga ya jua, ni vya mabwawa ya nje. Ndani kinga hiyo inajilimbikiza tu na kuipunguzia klorini nguvu.

Mjenzi_Njiro
Basi ni la ndani, mita 6 kwa 3, vioo kaskazini na ukuta wa sebuleni tu, dari ya mteremko isiyoning'inia. Jumatatu namrudishia msanifu ramani.

Nyota_wa_Limuru
Kabla hujamrudishia, ngazi ya chuma ya pembeni iondoe. Weka ngazi za zege, pana, vipandio vyenye kimo cha sentimita 15, na mshikio pande zote mbili hadi chini majini. Mlango wa sebuleni uwe na komeo juu, wajukuu wasiufikie.

Mjenzi_Njiro
Nimeandika yote, dada. Mama amekaa hapa pembeni nikimsomea, anasema mishikio iwe ya duara, iingie vizuri kiganjani.