Kuku wako kwenye dozi ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), mayai nayafanyaje?

bandabovu: Wakuu habari za jioni. Nina layers 200 hapa Kibaha, wamepata mafua, wanakoroma na macho yamevimba, nimewawekea OTC kwenye maji. Swali ni dogo tu, mayai ya kipindi hiki nayafanyaje? Msinitukane.

Mzee Kipara: Una uhakika ni mafua sio kideri? Kideri ni kirusi, OTC haikigusi hata umwage ndoo. Mwaka jana nimezika banda zima huku muuza dawa ananiambia ongeza dozi, ongeza dozi

mama_vifaranga: Soma lebo mdogo wangu, kuna siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa, unahesabu dozi ikiisha sio ikianza.

Dunda: Kumbe ndo maana nikila chipsi mayai UTI inapoa 😂

MaabaraTu: Mnacheka, OTC inatengenezwa na bakteria wa udongoni, Streptomyces rimosus, ilitangazwa 1950. Ndugu zake ndo wanaupa udongo ile harufu mvua ikinyesha. Streptomycin iliyookoa watu wa TB ni ya ukoo huo huo, 1943. Leo mnaigeuza kiungo cha mayai! Fleming wa penisilini alishaonya 1945 kwamba dozi pungufu inawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

mama_vifaranga: bandabovu hujasema, mayai unayo au unauza?

bandabovu: Kuna oda dada, trei 7 kila siku.

mama_vifaranga: Ya nani?

bandabovu: Chekechea moja hivi. Ila wanachemsha kabisa, moto si unaua dawa? Nikikatisha wiki tu wanatafuta mtu mwingine, na mkopo wa banda mtanilipia nyie?

MaabaraTu: Moto unaua vijidudu, dawa haiishi yote. Na hospitali wanaikwepa tetrasaiklini kwa watoto wadogo maana inaharibu rangi ya meno.

Dunda: Ngojeni kwanza. Trei 7 ni mayai 210. Kuku 200, tena wagonjwa, watage 210 kwa siku? Hii chai.

Mzee Kipara: Hahaha mods hamishieni jukwaa la vichekesho

bandabovu: Sio chai, nyingine nachukua kwa jirani. Na wake wanaumwa, kopo tuligawana nusu nusu.

mama_vifaranga: Yaani kila banda nusu dozi??

Dunda: Mkuu Kibaha sehemu gani? Mwanangu yuko chekechea huko huko.