Falafeli ya mbaazi na nazi: nianzie wapi?

Binti wa Barani (Malindi)

Asalaam aleikum mashangazi, madada na wote wa humu. Mimi nauza vitafunio vya jioni hapa Malindi: viazi vya karai, kachri, bajia za kunde. Nina wateja wasiokula nyama wala samaki, na kila mara wananiuliza falafeli, yale madonge ya Kiarabu ya kukaanga. Mimi mwenyewe naipenda sana, ile ngozi kavu inayovunjika ukiuma, na ndani kijani kwa kotmiri. Ila sitaki kuuza ile ile ya mahotelini iliyotiwa ndani ya mkate wa paketi. Nataka mtu akitia tonge mdomoni ajue hii imepikwa pwani.

Nilivyofikiria ni kuacha chana, zile dengu kubwa nyeupe, nitumie mbaazi. Mbaazi tunazijua, asubuhi tunazila na mahamri, na hazina shida kupatikana sokoni. Mahali pa tahina, ule mchuzi wao mzito wa ufuta, niweke kitu cha nazi. Mahali pa zile achari zao niweke embe bichi.

Sasa nawauliza: mbaazi nizichemshe kwanza au niziloweke tu? Zitashikana bila unga wa ngano? Na jirani yangu anashikilia kwamba maharagwe mekundu ndiyo bora kwa sababu ya rangi. Mwaonaje?

Mama Langoni (Lamu)

Waalaikum salaam mwanangu. Swali lako limenifurahisha, nami nitalijibu kwa kirefu, univumilie.

Nianze na maharagwe mekundu: hayo yaache kabisa, na jirani umwambie. Falafeli husagwa mbichi, na maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya kutapisha na kuharisha vibaya. Haiondoki mpaka yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yatokote sawasawa kwa dakika 10 au zaidi. Zile dakika chache za kwenye karai hazitoshi. Mtu amekupa pesa yake na amekuamini, usimtie hilo tumboni.

Mbaazi sasa. Usichemshe! Ikishachemka, wanga wake umekwisha kuvimba kwa maji. Ukiisaga hupati donge, wapata rojo, na rojo ikiingia kwenye mafuta inasambaratika yote. Ndiyo maana hata chana za kopo hazifai. Ikiwa imelowekwa tu, wanga unakwenda kuivia ndani ya mafuta, na huo ndio unaoshika donge bila ngano yoyote. Wamisri hufanya hivi kwa ful (maharagwe mapana) kavu iliyokobolewa, wao wakaiita taamiya. Watu wa Palestina, Lebanoni na Syria hutumia chana. Basi hata huko kwenyewe hawakubaliani, na wewe usiogope kuingiza mbaazi yako.

Tabu ya mbaazi ni ganda, gumu na chungu kidogo. Nenda duka la Kihindi ukanunue zile zilizokobolewa na kupasuliwa, za manjano, za kupikia dali. Hizo ukiloweka saa 4 hadi 6 zimetosha. Kama unazo nzima, ziloweke usiku kucha, asubuhi uzisugue kwa viganja ndani ya maji mengi, maganda yaelee uyamwage, kama ufanyavyo kunde za bajia. Kisha chuja, uzitandaze juu ya kitambaa mpaka zikauke maji ya nje. Hapo usiwe na haraka, maana maji ndiyo adui wa hii kazi.

Kusaga, mimi natwanga kwa kinu. Mashine ya kusagia nyama pia nzuri. Blenda itakudai maji. Unataka itoke chengachenga, ukiifinya mkononi ishikane. Ikikataa kushikana, ongeza kijiko kimoja cha unga wa dengu, usizidishe.

Kwa nusu kilo ya mbaazi kavu mimi natia kitunguu maji kimoja kikubwa nilichokikatakata na kukikamua, thomu chembe 5, kotmiri fungu zima na mashina yake, pilipili mbuzi moja, chumvi, na vijiko 2 vya chai vya uzile (bizari nyembamba). Uzile ukaange kavu kwanza ndipo uutwange. Ukitwanga bila kukaanga ile harufu haifiki.

Na sasa nazi, hapa ndipo penye utamu wa jambo lako. Ukishakuna nazi na kukamua tui, ile chicha wengi tunawamwagia kuku. Usimwage. Ikamue mpaka isitoe tone, uitie kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, ugeuze geuze bila kuiacha. Mwanzo itatoa mvuke na kugandana. Baadaye itaachana punje punje, itakuwa nyepesi chini ya mwiko, na pembeni itaanza kupiga rangi ya dhahabu. Hapo epua. Kikombe kimoja chatosha kwa nusu kilo. Chicha hii inanyonya maji ya kotmiri na kitunguu, na ngozi ya falafeli inavunjika vizuri hata ikipoa kidogo, jambo ambalo wewe muuzaji walihitaji.

Tui la kwanza ndilo mchuzi wako. Lipashe taratibu na chumvi na thomu, utie ufuta uliokaangwa na kutwangwa laini. Epua, likipoa kidogo ndipo ukamulie ndimu. Ukitia ndimu tui linachemka, litakatika. Ufuta unalimwa huku kwetu Lamu, kwa hiyo hapa hujaiga mtu. Mimi naila na mkate wa mofa wa moto na embe bichi lililokatwa vijiti, likatiwa chumvi na pilipili.

Fundi wa Karai (Malindi)

Shangazi, kwa heshima yako yote, mimi naona chicha ikae nje. Donge uliviringishe juu ya chicha na ufuta ndipo ulitie karai. Ndani naogopa italegeza.

Dada, jingine ni mafuta. Yawe nyuzi 175 hadi 180. Huna kipimo, basi tia kidonge kidogo: kikizama halafu kikapanda na mapovu, tayari. Kikielea papo hapo na kuwa cheusi, punguza mkaa. Madonge yawe ukubwa wa ndimu ndogo na usijaze karai, mafuta yakipoa yananyweka na mteja anakula mafuta matupu.

Mama Langoni (Lamu)

Mwanangu Fundi, ufuta nje sawa, unashika. Chicha nje hapana. Inadondoka, inaungulia chini ya karai, na mkupuo wa pili wote unatoka na vidoa vyeusi na uchungu. Kwa mtu wa kula nyumbani madonge manane haina neno. Huyu anauza, mafuta yake lazima yamfikishe mwisho wa jioni. Na ndani hailegezi ikiwa imekauka kweli. Anayelegeza ni mtu aliyetia chicha mbichi.

Mwana wa Shela (Lamu)

Kwa nini asitumie kunde tu, maadamu anazo tayari za bajia? Huku ufukweni wageni wanazipenda.

Mama Langoni (Lamu)

Kunde zinafaa sana, na ladha yake ni nyepesi kuliko mbaazi. Ila asichukue ule mchanganyiko wa bajia. Bajia tunaipiga kwa maji mpaka iumuke iwe laini ndani. Falafeli iwe kavu na ya chenga. Akizipanga zote mbili kwenye sinia moja, mteja aone ni vitu viwili.

Binti wa Barani (Malindi)

Shangazi Mungu akuweke. Fundi nawe ahsante, ufuta nitautia nje. Chicha nafuata ya shangazi, karai langu ni moja na mafuta yamepanda bei. Swali la mwisho: mimi natoka na meza baada ya alasiri, asubuhi nina watoto na kufua. Naweza kuutayarisha mchanganyiko usiku?

Mama Langoni (Lamu)

Waweza, na ukilala kwenye friji unashikana zaidi. Usiku saga mbaazi na viungo, ufunike. Chicha ikaange, ikipoa uiweke kando ndani ya kopo. Chumvi usitie usiku, itavuta maji ya kitunguu. Ukiwa umeshawasha jiko ndipo uchanganye chicha, chumvi na kijiko kimoja cha chai cha beking poda, ufinyange, utie karai. Na tui likamue siku hiyo hiyo, la jana kwa joto la Malindi litakuwa limechacha.