Nadaiwa dola ili nimwone bibi yangu kwenye kompyuta niliyoinunua kwa fedha yangu!

Mwana_Muheza (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na nawaomba wasimamizi wasiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la vichekesho, kwa sababu jambo lenyewe halichekeshi hata kidogo.

Ninayemlalamikia simtaji, mnamfahamu. Kila aliyewahi kuwasha kompyuta mpakato katika nchi hii ameiona alama yake kabla hajaandika hata jina lake mwenyewe.

Jioni hii ukoo mzima ulikuwa umeketi sebuleni, kuanzia mjomba aliyefika kutoka Handeni hadi watoto wa jirani, tutazame video ya sendofu ya dada yangu. Video niliipiga mimi, kwa simu yangu. Nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaiunganisha kompyuta na televisheni, nikabonyeza. Sauti ya bibi ikatoka safi kabisa, akimpa mjukuu wake mawaidha ya ndoa. Picha ikawa nyeusi tii. Juu ya weusi huo likatokea tangazo kwamba nikitaka kuiona video hii sina budi kununua programu ya nyongeza, na bei yake imeandikwa kwa dola. Bibi, aliyekuwa kwenye kochi la mbele kabisa, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka barabara ya Korogwe: "Mbona mimi mmenizima?"

Sikuwa na la kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba sauti yake ni ya bure lakini sura yake ina ada?

Fundi wa hapa mtaani amenieleza, na nimesoma mwenyewe hadi macho yanauma. Simu yangu hurekodi kwa kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua video, iitwayo HEVC, au H.265, iliyopitishwa mwaka 2013, ambayo huweza kubana video hadi karibu nusu ya ukubwa wa ile ya H.264 ya mwaka 2003 bila kuharibu ubora. Kazi hiyo ni kubwa na siibezi. Lakini mbinu zake zimefungwa kwa hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, za makampuni chungu nzima, na wenye hataza hao hawakuweza kukubaliana hata juu ya mahali pamoja pa kupokelea fedha: kundi la kukusanya ada liitwalo MPEG LA lilikuwa na orodha yake, HEVC Advance ikaja na yake mwaka 2015, Velos Media ikafuata mwaka 2017, na wengine wakabaki nje ya makundi yote wakidai kivyao. Katika orodha ya MPEG LA, ada ilikuwa senti 20 za dola kwa kila chombo, baada ya vyombo 100,000 vya kwanza vya kila mwaka. Senti 20! Mtu aliyeniuzia kompyuta kwa zaidi ya shilingi milioni moja ameshindwa kuzibeba senti 20, akaona afadhali bibi yangu awe giza mbele ya wajukuu, vitukuu na majirani.

Na kinachoniunguza zaidi ni kwamba chipu iliyomo ndani ya kompyuta hii inao uwezo wa kuifungua video hiyo. Uwezo umo, nimeulipia, na umefungiwa. Ni sawa na kuuziwa nyumba, kisha kukuta mtu amekaa mlangoni mwa chumba cha kulala anakata tiketi. Tena tiketi yenyewe ni ya dola, kwa kadi ya benki, nami nalipa umeme, maji na ada za watoto kwa simu.

Asiniambie mtu kwamba hapakuwa na njia nyingine. Google iliinunua kampuni ya On2 mwaka 2010, na mwaka huohuo ikaitoa kodeki ya VP8 itumike bila mrabaha; VP9 ikafuata mwaka 2013; mwaka 2015 ukaundwa umoja wa Alliance for Open Media, wenye Mozilla, Netflix, Cisco na wengine, na mwaka 2018 ukatoa AV1, ambayo haidai mrabaha kwa mtengenezaji wala kwa mtumiaji. Hizo zote zipo na zinafanya kazi. Lakini simu inarekodi kwa kodeki yenye deni, kompyuta inakataa kulibeba deni, na deni linamwangukia bibi kizee wa Muheza aliyekuwa anatoa mawaidha.

Sauti ipo, picha nyeusi, na bei kwa dola! Nani aliwapa ruhusa?

Mwalimu_wa_Zamu

Pole sana, mkuu. Mimi lilinikuta siku ya mahafali, mgeni rasmi akiwa ameketi mbele. Wanafunzi walitayarisha igizo zima kwa simu zao, na kwenye projekta ikawa sauti tupu. Mgeni rasmi alidhani ni mchezo wa redio, akapiga makofi.

Fundi_Mabibo

Mleta uzi, kwa muda ulioutumia kuandika gazeti hili ungekuwa umeshapakua programu ya kutazamia video ya VLC, video imekwisha, bibi ameonekana, amekula na amelala. VLC ni bure na inafungua HEVC bila kumwuliza mtu kadi. Watu wazima mnalia mtandaoni kwa jambo la dakika tano.

Mwana_Muheza (mleta uzi)

Nimeipakua, na bibi ameonekana. Nashukuru kwa msaada, ila hasira yangu haijapungua hata chembe, imeongezeka. VLC inatunzwa na VideoLAN, chama kisicho cha biashara kilichoko Ufaransa, na chenyewe kinaeleza kwamba sheria za huko hazizitambui hataza za programu za kompyuta. Chama cha watu wanaojitolea kimemwonyesha bibi yangu bure. Tajiri aliyechukua milioni yangu amemzima. Hebu lifikirie hilo kabla hujanicheka.

Hesabu_Kwanza

Mkuu, nakuunga mkono ila nasahihisha hesabu. Zile senti 20 zilikuwa za MPEG LA peke yake. Mtengenezaji aliyetaka kulala bila wasiwasi alipaswa kulipa kundi la pili, la tatu, kisha kuwatafuta walio nje ya makundi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia jumla yake itaishia wapi. Ndiyo maana wengi walikimbia. Leonardo Chiariglione mwenyewe, Mtaliano aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa MPEG, kikundi cha wataalamu wanaotunga viwango vya video, mwaka 1988, aliandika mwaka 2018 kwamba mfumo huo wa biashara umeharibika na kwamba kodeki za bure zinauchukua uwanja. Aliyekuwa akiongoza kazi hiyo ndiye aliyesema, si mimi.

Kompyuta_ya_Marehemu_Baba

Ninyi mnaoisifia AV1 mna kompyuta mpya. Yangu ilinunuliwa kabla kodeki hiyo haijatungwa, na chipu yake haijui lolote kuihusu, kwa hiyo kazi yote inaangukia kichakataji kikuu. Nikifungua video ya AV1 ya ubora wa juu, feni inapiga kelele hadi mke wangu anatoka jikoni kuuliza kama kuna ndege inatua. Betri iliyojaa haimalizi taarifa ya habari. Bure yenu mimi nailipia kwa umeme. Uzi wa kulalamikia hilo utafunguliwa lini?

Fundi_Mabibo

Huyo naye alete kompyuta dukani nimwekee kivinjari kipya. Siku hizi vivinjari vingi hutumia dav1d, programu ya kufungulia AV1 iliyotoka kwa hao hao wa VideoLAN, nayo ni nyepesi kuliko zile za mwanzo. Kwa ubora wa kawaida hata mashine kongwe inajitahidi.

Hesabu_Kwanza

Na msidhani AV1 imeachwa kwa amani. Mwaka 2019 kampuni ya Sisvel ilitangaza kundi la hataza inazodai zimo ndani ya VP9 na AV1, ikaweka na bei za leseni. Waliotengeneza AV1 walisema wataitetea, lakini madai yapo. Hata penye bure kuna mtu amesimama na kitabu cha risiti.

Penguini_wa_Pwani

Sisi wa mifumo huria ndio tungepaswa kulia. Mwaka 2022 Fedora, mmoja wa mifumo ya Linux, ilizima uwezo wa chipu za picha wa kufungua H.264 na H.265 katika vifurushi vyake vya kawaida, kwa kuhofia masuala ya kisheria ya kodeki hizo. Watu walisasisha mashine iliyokuwa nzima, wakaamka kichakataji kikuu kikifanya kazi ya punda. Afadhali wewe uliambiwa bei. Wao hawakuwa na pa kulipa hata kama wangetaka. Na kwa H.264 katika mazungumzo ya video, watumiaji wa kivinjari cha Firefox wanaishi kwa hisani ya Cisco, ambayo mwaka 2013 iliahidi kuilipia leseni programu yake ya OpenH264 ili wengine waitumie bure. Siku Cisco ikichoka itakuwaje?

Mama_Shufaa

Wanangu, samahanini kuingilia. Mnazungumzia picha zisizoonekana. Mimi televisheni yangu picha inaonekana vizuri, sauti ndiyo hakuna. Naweka filamu kwenye flashi, wahusika wanafumbua midomo tu kama samaki, halafu inaandika kwamba aina ya sauti haitambuliki. Televisheni bado ni mpya, hata nailoni ya pembeni sijaibandua. Nimemwita fundi akataka kuifungua, nikamfukuza.

Mwana_Muheza (mleta uzi)

Shikamoo mama, na pole. Lakini wakuu, nawasihi tusitoke kwenye mada. Bibi aliuliza swali mbele ya ukoo mzima na hadi sasa hakuna aliyelijibu: kwa nini alizimwa?

Fundi_Mabibo

Mleta uzi, bibi si ameshaonekana? Mwache mama asaidiwe. Shikamoo mama. Usikubali televisheni ifunguliwe, haina ubovu wowote. Sauti ya filamu hizo huenda ni ya DTS, nayo inahitaji leseni, na watengenezaji kadhaa wa televisheni waliamua kuacha kuilipia. Mpe kijana wa nyumbani aigeuze sauti peke yake iwe ya aina ya AAC kwa kutumia programu ya FFmpeg, picha aiache kama ilivyo. Kwa njia hiyo haichukui muda mrefu.

Mama_Shufaa

Marahaba mwanangu. Na hizo nilizozirekodi zamani kutoka kwenye king'amuzi, nazo zigeuzwe?

Mwalimu_wa_Zamu

Fundi, nami nisaidie hapohapo. Televisheni ya ofisi ya walimu ina tatizo hilohilo, na mkuu wa shule ameshaandika barua ya kununua nyingine.