Wenye waume au wake wanajeshi waliorudi kutoka misheni za kulinda amani, tupeane uzoefu

Mama Wawili: Jana kwenye taarifa ya habari wameonyesha wanajeshi wanashuka kwenye ndege, nikajikuta nalia jikoni. Wangu alikuwa Afrika ya Kati, Berberati, mwaka mzima. Mtandao ukikubali tunaongea usiku mpaka bando linakata, maneno matamu nacheka peke yangu gizani. Karudi, wiki ya kwanza raha tupu, ya pili kahamia sebuleni, analala kwenye mkeka nyuma ya mlango. Nikimgusa anakakamaa kama gogo, anasema amechoka. Huu ni mwezi wa tano tangu arudi. Nimevaa shanga, nimefunga na kuomba. Nilidhani ni mimi. Wenzangu mlifanyaje?

Binti Kota: Mkeka nyuma ya mlango!! Wangu pia, alipotoka Darfur.

Chunga Chako: Hapo ana mtu huko huko dada, usijidanganye.

Kombati Kuukuu: Chunga Chako umewahi kukaa lindo wewe? Nisikilizeni. Desemba 7, 2017 nilikuwa Beni upande wa Kongo, waasi wa ADF wakavamia kambi yetu ya Semuliki jioni, wakapigana na vijana masaa na masaa. Sisi tunasikia kwenye redio tu. Walikufa Watanzania wasiopungua 14, na mmoja nilikula naye sahani moja tangu depo, kwenye mafunzo ya kuingia jeshini. Usiku ule ule mke wangu kapiga, hajui kitu, ananiambia mtoto kaota jino. Nikamjibu sawa, nikakata. Sikumpigia wiki tatu, si kwamba simpendi, nilikuwa nikisikia sauti yake natetemeka. Nimerudi nyumbani mwili wangu ukawa kama wa mtu mwingine. Anaweka mkono kifuani mimi nishasimama. Tendo la ndoa likanishinda kabisa, aibu ikanifanya niwe mkali, nikaanza kunywa. Mwanaume unamwambia nani hayo?

Shangazi wa Mwanza: Eeh Mungu. Pole baba.

Wa Gilgil: Huku kwetu ilikuwa Somalia. Habari za El Adde, kambi ya Wakenya iliyovamiwa na al-Shabaab, zilipotoka Januari 2016 mzee wangu alikuwa kambi nyingine, simu haiingii siku nne, nikaanza kuvaa kama mjane. Alirudi mzima lakini mimi ndiye nilimkataa kitandani, nilikuwa nishamzika kwa roho. Hata wanawake tunaumwa jameni.

Binti Kota: Hili la kumzika kwa roho hakuna anayelisema.

Chunga Chako: Nasimamia neno langu, wanajeshi nawajua.

Kombati Kuukuu: UN imepiga marufuku kununua ngono tangu 2003, ukikamatwa unarudishwa nyumbani. Wapo wanaovunja, sikatai. Ila usimuuzie huyu mama wivu wakati mumewe anaumwa.

Shangazi wa Mwanza: Mwache alale sebuleni, atarudi mwenyewe.

Wa Gilgil: Usimwache! Wangu akizoea kulala pekee anazidi. Tena usimwamshe kwa kumgusa, simama mbali umuite jina.

Binti Kota: Mmh, wangu ukimuita gizani ndo anaruka kabisa. Mi namshika kidole gumba cha mguu, polepole.

Shangazi wa Mwanza: Na supu ya pweza.

Kombati Kuukuu: Shangazi pweza haitibu hii kitu. Mimi kilichonisaidia ni daktari wa magonjwa ya akili, na taa ya korido kuwaka usiku kucha. Nilikuwa naogopa giza, mtu mzima na vyeo vyangu.

Mama Wawili: Afande nimesoma nikiwa nimekaa chooni nisionekane. Mkeo alijuaje kuwa ni giza?

Kombati Kuukuu: Alihamia kwenye mkeka niliokuwa nalala. Hakuuliza kitu, alilala tu pale na mto wake. Siku ya tisa nikamwambia.

Binti Kota: Huyo daktari bima inapokea? Na lazima mume akubali kwenda, au naweza kutangulia mimi?