Mdogo wangu anatumia unga, na duka ni letu sote

Dada wa Vipuri: Habari zenu. Mimi na mdogo wangu tunaendesha duka la vipuri vya pikipiki Manzese, aliloacha marehemu baba. Anatumia unga. Mwezi huu zimeondoka cheni tatu na betri mbili, juzi droo nimeikuta tupu. Jana nimebadilisha kufuli. Mama analia, ananiambia ndugu mui heri kuwa naye. Nampenda, huyu nilimbeba mgongoni. Nimekosea?

Mzee wa Tandale: Hujakosea, mwanangu. Ufunguo na pesa asishike. Chakula usimnyime.

Niliyepona: Dada, mimi nilimwibia kaka yangu cherehani. Aliponifungia kibanda chake nilimtukana vibaya, lakini kila asubuhi alinisindikiza hospitali ya Muhimbili kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga wa heroini. Kliniki ile ipo tangu 2011, dawa ni bure, unainywa mbele ya mhudumu, kila siku. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikaniachia, akili ikarudi. Kazini alinipokea baada ya mwaka, nikaanza kwa kufagia.

Dada wa Vipuri: Asanteni sana. Kesho alfajiri namfuata kijiweni. Ufunguo unabaki kwangu, na mama nitamweleza mwenyewe.