Tupeane uzoefu: kufungua tawi la chama cha wafanyakazi ukiwa mtu wa kuja

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Wakuu, salaam. Nimeletwa huku na chama cha wafanyakazi kuandikisha wanachama viwandani na kwenye maghala. Si mzaliwa wa Kusini, na sijaajiriwa na kampuni hata moja ninayoiingia, kwa hiyo ugeni wangu ni wa pande mbili.

Getini sina shida. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa mwakilishi wa chama kilichosajiliwa haki ya kuingia kuandikisha na kuzungumza na wafanyakazi. Mwajiri anaweza tu kuweka masharti ya saa na mahali ili kazi isivurugike. Penye wanachama kuanzia 10 tunaruhusiwa kufungua tawi. Shida inaanza nikishaingia. Watu wananisikiliza kwa adabu, wanaitikia, halafu fomu zinabaki mezani. Mlioanzisha matawi Masasi, Newala, Lindi, mlipitaje hapo? Naomba yaliyowatokea. Vifungu ninavyo.

Mbanguaji, Newala

Kaka, pole na kazi. Nimebangua korosho miaka mingi. Tulilipwa kwa kilo ya korosho karanga, yaani iliyokwisha banguliwa, nzima bei yake na zilizovunjika bei yake, na mafuta ya ganda yanababua vidole mpaka unashindwa kushika tonge. Akaja kaka wa chama kama wewe, akatueleza habari za mkataba wa hali bora, ule chama kinaojadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote. Maneno yalikuwa mazuri na hatukumpinga. Lakini fikiria: karibu kila mmoja wetu pale ana mikorosho yake, au mumewe anayo, na makato tunayajua tangu kwenye mauzo ya chama cha msingi cha ushirika. Ushuru huu, mchango ule, hela inafika imepungua. Sasa mgeni analeta karatasi ya kukubali kukatwa mshahara kila mwezi. Nani atasaini?

Kilichogeuza mambo ni mizani. Tulikuwa tunanung'unika kwamba mizani ya kupokelea inatupunja. Yule kaka aliposikia akarudisha fomu mkobani, akaomba wanawake wawili wa benchi letu waende naye ofisini. Wakazungumza wao. Yeye alikaa pembeni na daftari, akafungua mdomo pale tu meneja alipotaka kuwatisha. Mizani ikapimwa upya mbele yetu. Baada ya hapo fomu tulizifuata wenyewe.

Jambo jingine lililotutuliza: alitusomea kwamba ukisaini fomu ya makato, ile TUF 6, unaweza kuiondoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi 1. Mtu anayekuonyesha mlango wa kutokea unamwamini zaidi. Na umtafute mama anayeshika hela za kikoba chao. Huyo akisaini, benchi zima linasaini.

Mpakiaji, Mtwara

Nyongeza fupi. Vibarua wengi wa kupakia wako chini ya wakala. Angalia kwanza mkataba umesainiwa na nani. Kwetu kampuni yenye ghala ilijibu barua ya chama kwa mstari mmoja: hawa si wafanyakazi wetu.

Mstaafu, Lindi

Vijana, mkumbuke watu mnaowaendea wana wazazi. Sisi tulipita NUTA iliyoundwa 1964, kisha JUWATA, chama cha wafanyakazi kikiwa kimoja nchi nzima na kikiwa mkono wa serikali. Ulikatwa bila kuulizwa. Watoto wetu wamekua wakisikia hayo jikoni. Ukiulizwa hela inakwenda wapi, usikasirike, toa hesabu.

Tena ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Tangu vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi mgeni anayekusanya watu usiku Mtwara anaulizwa maswali, na wanaoanza kuulizwa ni wale waliokuja kumsikiliza.

Katibu wa tawi, Masasi

Mimi naomba tuzungumze msimu, maana ndipo matawi yanapofia. Ili chama kitambuliwe kujadiliana na mwajiri lazima kiwe na wengi katika kundi husika la wafanyakazi. Korosho zikiwepo, wengi mnawapata. Zikiisha, watu wanarudi shambani na wingi unayeyuka. Sisi tulipeleka notisi ya kutambuliwa benchi zikiwa zimejaa. Mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi. Akikaa kimya, mnakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Na lililo zito zaidi. Wenzetu wawili waliotangulia kusaini waliambiwa kazi imeisha. Kumwachisha mtu kwa sababu ya chama ni kinyume cha sheria, lakini malalamiko yanatakiwa kufika Tume ndani ya siku 30, na hawa walikuwa wanalia nyumbani tu. Mwakilishi wetu wa kutoka nje ndiye aliyewapeleka, akawajazia fomu, akakaa nao mpaka usuluhishi. Kazi hiyo mtu wa ndani angeiogopa. Mgeni hana kibarua pale cha kupoteza.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana. Dada wa Newala, wale wanawake wawili mliwachagua wenyewe au kaka aliwataja? Nina kiwanda ambacho malalamiko ni glavu, na kesho nimeomba kukaa nao saa ya chakula bila fomu.

Mbanguaji, Newala

Tuliwachagua sisi. Yeye alitoka nje kwanza.