Shafti za chuma S au grafaiti R? Nataka kununua aironi za gofu, niko Mtwara

Mwana wa Shangani

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nina miaka 34, gofu naicheza mwaka wa tatu huu. Raundi kamili ya mashimo 18 ni mpaka nisafiri kwenda Dar. Siku nyingine zote mazoezi yangu ni ufukweni maji yakipwa, pale mchanga unapokaza, au kiwanja cha mpira cha mtaani alfajiri kabla vijana hawajafika.

Nimepata seti mbili za aironi za mitumba, zote namba 4 hadi weji (ile fupi ya kuinua mpira), na bei zinakaribiana. Moja ina shafti, yaani mipini, za chuma, Dynamic Gold S300; S ni ngumu. Nyingine ni grafaiti (nyuzi za kaboni), imeandikwa R, yaani ya kawaida, laini kuliko S, gramu 65. Namba 7 ninayoazima, nikiupata mpira vizuri, unatua kama yadi 145. Kwa draiva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, nilipimwa kasi Dar nikapata kati ya maili 91 na 94 kwa saa. Mwili ninao, kazi yangu ni ya kubeba na kusukuma, na kila anayeniona ananiambia chukua S, R ni ya wazee. Kabla sijatuma hela naomba mawazo yenu.

Kijana wa Bima

Chukua S mkuu. Utaizoea, na ukiongeza kasi hutanunua tena.

Kedi wa Zamani

Mdogo wangu, nimebeba mabegi ya watu Dar miaka 11 kabla ya kurudi nyumbani Masasi, kwa hiyo nitakuambia nilichokiona kwa macho.

Misuli peke yake haikuambii shafti gani inakufaa. Angalia unavyogeuza fimbo kutoka juu kuja chini. Nimebebea mzee mwembamba wa miaka 60 na ushee, akifika juu anaing'oa fimbo kwa nguvu kama mtu aliyeshtuliwa. R kwake ilikuwa inachelewa kichwa, mpira leo kushoto, kesho kulia. Nimebebea pia mtu wa gym, kifua hiki, lakini anateremsha taratibu kama anayeshusha ndoo kisimani. S kwake ilikuwa nondo. Mpira unatoka chini chini, unakwenda kulia, na mikono inamuuma kabla ya shimo la tisa.

Kwa makadirio yanayotumika sana, draiva ya maili 85 hadi 95 kwa saa ni R, 95 hadi 105 ni S, zaidi ya hapo X, ngumu kupita S. Chini ya 85 unaingia A, ambayo wengine huiandika M, kisha L, laini kuliko zote. Kwa hiyo wewe uko R ya juu, unakaribia mpaka. Ila herufi hizo usiziamini kama unavyoamini mizani ya korosho. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu sawa na S ya kampuni nyingine.

Ninachotaka ukitazame kwanza ni uzito. Dynamic Gold S300 ina karibu gramu 130. Hiyo grafaiti ni 65. Nusu kamili! Wewe unauliza S au R, wakati tofauti utakayoisikia mikononi kuliko zote ni hizo gramu. Ungekuwa unalinganisha S300 na R300 ya aina hiyohiyo, hapo ungekuwa unalinganisha ugumu kweli, maana zile zinapishana gramu chache tu.

Mwombe muuzaji akutumie namba 7 za seti zote mbili kwa basi, umlipe nauli ya mzigo. Akikataa, hela yako ibaki mfukoni.

Dada wa Ng'apa

Nakubaliana na kaka Kedi kuhusu uzito, naongeza la kwangu kutoka huku Lindi.

Nilipoanza nilipewa L kwa sababu mimi ni mwanamke, basi. Hakuna aliyeniangalia nikipiga hata mpira mmoja. Mwaka mzima mipira yangu ilikuwa inapanda juu mno na kuvuta kushoto, nikawa nakaza viganja ili niizuie, nikaharibu swingi, mwendo wangu wa kupiga, ambayo haikuwa na tatizo. Siku nilipoazimwa namba 8 yenye R nyepesi ya chuma, mpira wa tatu tu nilijua. Kama kuna mtu angempa Madina Iddi, mchezaji gofu wetu wa Tanzania, fimbo kwa kuangalia jinsia yake, angekuwa amekosea vilevile. Na kukupa wewe S kwa kuangalia mabega ni kosa lilelile, nakuomba usilikubali.

Jambo jingine ni upepo. Kusi likianza kuvuma huku kwetu, mpira mrefu wa juu unarudishwa kama umefungwa kamba. Watu wakiona hivyo wanakimbilia shafti ngumu ili mpira ushuke. Mimi nimeona inasaidia zaidi kuchukua namba 6 badala ya 7, kushika chini kidogo na kupiga bila haraka. Usinunue shafti ya mwaka mzima kwa ajili ya upepo wa miezi kadhaa.

Kijana wa Bima

Lakini dada, wanaume wengi wa kulipwa wanatumia ngumu na nzito. Si kuna sababu?

Kedi wa Zamani

Sababu ipo, kasi yao. Wengi wao draiva wanapita maili 110. Shafti inapokuja chini inapinda, na karibu na kugusa mpira kichwa kinakuwa kimetangulia mbele kidogo, kinaongeza mwinuko wa uso. Kwa kasi yao, laini itatanguliza kichwa kupita kiasi. Kwa maili 92, ngumu sana haitangulizi cha kutosha, ndiyo maana mpira unakosa kupanda. Hata hivyo sitaki nimtie mtu hofu: ukipiga katikati ya uso wa fimbo, fleksi (ugumu wa shafti) isiyo yako itakuibia yadi chache. Ukipiga kisiginoni mwa fimbo, upande wa karibu na shafti, hata fleksi yako haikuokoi.

Mzee wa Mikindani

Wanangu, nawasoma tangu jana. Zamani shafti zote zilikuwa za mti, mti wa hickory kutoka Marekani. R&A, wale watunga sheria za gofu wa Uskoti, waliruhusu chuma mwaka 1929. Kwenye mti kila fimbo ilikuwa na tabia yake, kama mipini ya majembe, mmoja unacheza na mwingine hauchezi, hata ukichongwa na fundi yuleyule. Mchezaji alichagua kwa kuishika na kuitikisa, kisha akapiga.

Mimi natumia grafaiti A, nina miaka 71, viwiko vinanisumbua. Grafaiti inameza mtikisiko, hasa ukigonga ardhi ngumu ya kiangazi. Kijana asiye na maumivu hana haja ya kuikimbilia kwa hilo, lakini asiidharau pia. Zipo grafaiti nzito na ngumu za S na X.

Fundi Chikongola

Shikamoo mzee wetu. Wakuu, upande wa karakana.

Kaka wa Shangani, unakaa karibu na bahari, kwa hiyo chuma cha mtumba kikague kwa mikono yako. Futa shafti kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, halafu pitisha ukucha kuanzia kwenye shingo ya kichwa kupanda juu. Kutu ya juu ya ngozi inatoka. Ukisikia ukucha unakwama kwenye vishimo vidogo, achana nayo, maana chuma kimeliwa na siku moja kitakatikia hapo. Chumvi inaingia hadi ndani ya bomba kupitia tundu la juu la gripu, ule mshikio wa mpira, na kule huioni.

Grafaiti haina kutu lakini haitaki moto. Niliwahi kung'oa kichwa cha aironi ya rafiki yangu ili nibadilishe shafti, nikaichoma kwa moto wa gesi kama navyochoma chuma. Epoksi, gundi inayoshika kichwa, ililegea, nikafurahi, nikakizungusha kichwa. Nilipotazama, ncha ya shafti ilikuwa imefumuka nyuzi nyeusi kama ncha ya kamba ya katani. Nilimlipa. Tangu siku hiyo grafaiti napasha kwa moto mdogo, na kichwa nakivuta kimenyooka bila kuzungusha.

Kama utaipenda S300 lakini ukaiona ngumu kidogo, ipo njia: shafti ya namba 6 inatiwa kwenye kichwa cha namba 7, kisha inakatwa kwa juu kufikia urefu wa 7. Inalegea kidogo, si herufi nzima. Kukata ncha ya chini kunaikaza, usimruhusu fundi yeyote akate huko bila kukuuliza.

Mwana wa Shangani

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Muuzaji alikubali, namba 7 zote mbili zilifika Alhamisi. Jana na leo asubuhi nimepiga mipira 20 kwa kila moja, kiwanjani, kwa kubadilishana tano tano ili uchovu usionee moja. Nilipaka uso wa fimbo unga wa chaki nione mpira unapogusa.

S300: mitano ya kwanza nilitamani nitume hela papo hapo. Chaki ilikuwa inafutika mahali palepale, duara dogo katikati. Kuanzia wa kumi na mbili alama zikaanza kuhamia kisiginoni, mpira ukashuka na kukimbilia kulia, na nikajikuta nasukuma kwa bega. Niliyoihesabu kwa hatua ilitua wastani wa yadi 138.

Grafaiti R: mpira ulipanda vizuri, wastani 147, lakini chaki ilifutika kila mahali, mara ncha, mara juu. Sikisikii kichwa kiko wapi. Miwili ilivuta kushoto hadi ukutani kwa jirani.

Kedi wa Zamani

Umejijibu mwenyewe. Unataka uzito wa kukuonyesha kichwa kilipo, ila gramu 130 zinakuchosha. Tafuta chuma chepesi R, kama NS Pro 950GH, ile iko karibu gramu 95. Seti hizo mbili zote ziache.

Mwana wa Shangani

Namba 7 zote mbili narudisha kwa basi la kesho. Kama kuna mwenye 950GH ya R, hata fimbo moja tu, kuanzia Lindi hadi Masasi, aniazime siku mbili. Nauli juu yangu.

Dada wa Ng'apa

Ile namba 8 niliyoisema ndiyo hiyo, na niliishia kuinunua. Nitaifunga kwenye bomba la plastiki nimkabidhi kondakta. Kesho saa nne uwe stendi, na chaki usiisahau.